Turubai la Umeme la Trela Linapokwama: Angalia Kwanza Linagoma Likienda Wapi

Turubai la kivuli la trela likianza kukwama, wa kwanza kulaumiwa ni mota. Ndiyo inayovuma, ndiyo yenye nyaya, basi watu huamua kwamba ndiyo mbovu. Inang'olewa, mpya inaagizwa, inafungwa, na turubai linakwama palepale lilipokuwa likikwama. Hili linatokea mno, na linaniuma, maana kulitazama turubai kwa makini kabla ya kushika spana kungetosha kuonyesha kama mota ina kosa au imesingiziwa.

Mwongozo huu unahusu maturubai ya aina iliyoenea kwenye trela za safari: mikono miwili ya alumini ubavuni mwa trela, bomba lenye mota ya volti 12 upande mmoja, kitambaa cha vinili au akriliki kinachojikunja kwenye bomba hilo, na shokapu ya gesi kwenye kila mkono, ile fimbo inayofanana na ya kuinulia mlango wa nyuma wa gari. Solera ya kampuni ya Lippert ni mfano unaojulikana. Kama la kwako limejengwa kwa namna nyingine, kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuata pale ninapotofautiana nacho.

Nani anafanya kazi gani

Mota haisukumi turubai kwenda nje. Kinachosukuma ni shokapu. Gesi iliyobanwa ndani yake inataka kunyooka saa zote, hata turubai likiwa limefungwa na trela iko barabarani. Wakati wa kufungua, mota inakiachia kitambaa kidogo kidogo, na shokapu zinaipeleka mikono nje kadiri kitambaa kinavyoruhusu. Wakati wa kufunga mambo yanageuka: mota iko peke yake. Inakunja kitambaa huku ikizishinda shokapu zote mbili kwa pamoja.

Ukishaelewa hilo, nusu ya utatuzi umekwisha. Likigoma kutoka, anzia kwenye mikono na shokapu. Likigoma kurudi, anzia kwenye umeme, halafu kitambaa. Turubai linalotoka kivivu lakini linarudi haraka kuliko zamani lina shokapu zilizochoka. Linalotoka vizuri na kurudi kwa kusuasua linakosa nguvu ya umeme, au kuna kitu kinaburuza. Hivyo kabla ya kufungua skrubu yoyote, lifungue na kulifunga mara moja huku umesimama mbali kidogo, mtu mwingine akiwa kwenye swichi, na wewe uangalie tu. Tazama mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kitambaa. Sikiliza mota inabadilisha sauti wapi.

Jambo la usalama linatokana na hayohayo. Kitu kinachozuia mikono isifyatuke ni kitambaa na mota iliyokishika. Ukichomoa mota, ukifungua bolti ya kichwa cha mkono, au ukikata kitambaa wakati mikono haijafungwa kwa mkanda, mkono unaruka kwa nguvu zote za shokapu, na uso wako mara nyingi ndio ulio mbele yake. Funga kila mkono kwa mkanda wa kufungia mizigo, au tumia pini ya kuzuia kama mkono wako una tundu lake, kabla ya kugusa chochote kinachoshikilia. Baadhi ya mabomba yana springi iliyosokotwa upande usio na mota. Hiyo nayo ina nguvu ya kuvunja vidole, na kuifungua ni kazi ya fundi anayeijua. Siku ya upepo usifanye kazi hii kabisa. Kitambaa kilichofunguka ni tanga, na wewe uko juu ya ngazi.

Umebonyeza swichi, kimya kabisa

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, nitapita haraka. Angalia swichi kuu ya betri kama imezimwa. Angalia kama paneli ina kitufe cha kufunga usalama; trela nyingi za sasa hazikubali turubai lifanye kazi mpaka ukiwashe, na watoto hupenda kukibonyeza. Kisha fyuzi: nyingi huwa za ampia 10 hadi 20, na karatasi iliyobandikwa kwenye mfuniko wa sanduku la fyuzi inasema ipi ni ya turubai. Usiitazame kwa macho tu, ipime kwa mita ya umeme pande zote mbili, maana fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana.

Fyuzi ikiungua mara moja, ibadilishe kwa nyingine ya ampia zilezile. Ikiungua tena, acha. Usiweke kubwa zaidi hata kama ndiyo uliyonayo mfukoni, kwa sababu fyuzi inalinda waya, na waya uliopita ndani ya ukuta wa trela ukipata moto huwezi kuufikia. Fyuzi inayoungua papo hapo maana yake waya umechubuka na kugusa chuma. Inayoungua baada ya mota kuhangaika kwa muda maana yake kuna kitu kimekaza.

Kama taa za trela zinawaka, fyuzi nzima, na bado kimya, weka mkono kwenye ukuta karibu na swichi na usikilize mtu akibonyeza. Ukisikia mlio mdogo wa rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) lakini mota haisogei, umeme umefika kwenye kisanduku cha rilei na tatizo liko kwenye rilei yenyewe au mbele yake. Usiposikia chochote, huenda tatizo liko swichini au nyuma yake.

Mota inazunguka, kitambaa kinalegea, mikono haiendi

Hii ndiyo dalili inayowapoteza watu wengi. Unabonyeza kufungua, bomba linazunguka, lakini badala ya mikono kutoka, kitambaa kinalegea na kufanya tumbo kati ya ukuta na bomba. Achia swichi hapohapo. Ukiendelea kubonyeza, kitambaa kitakwisha kwenye bomba na kuanza kujikunja kinyume, halafu utakuwa na matatizo mawili.

Mota hapa haina kosa lolote. Imefanya kazi yake yote: imeachia kitambaa. Kilichoshindwa ni kusukuma.

Simama mbele ya mkono, si chini yake, na uusaidie kwa kuuvuta taratibu kuja nje. Mwenzako afanye vivyo hivyo upande wa pili. Sasa angalia kinachotokea. Kama mkono umekataa sentimita chache za mwanzo kisha ukaachia na kwenda wenyewe mpaka mwisho, shokapu ni nzima ila kuna kitu kilichougandisha. Kama unahitaji kuusaidia safari nzima, shokapu imekufa.

Sababu ya mkono kukataa mwanzoni ni ya kimaumbile. Mkono ukiwa umelala kwenye fremu yake, shokapu inasukuma karibu sambamba na mkono wenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake inapotea bure. Hapo uchafu mdogo tu unatosha kuushinda: utomvu wa mti uliokaukia kwenye maungio, mchanga uliojaa kwenye mfereji wa mkono, kiota cha nyigu wa udongo nyuma ya shokapu. Viota hivyo si mzaha. Nyigu anapenda mahali penye giza na palipotulia, na mkono wa turubai lililofungwa muda mrefu ni mahali hapohapo. Vikwangue kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi, ili usikwaruze fimbo ya shokapu.

Kitambaa nacho kinaweza kujigandisha chenyewe. Kikikunjwa kikiwa kimelowa, au kikiwa na utomvu, tabaka zake hushikana. Utasikia sauti ya kubanduka kinapoachia. Kikishikana, usikilazimishe kwa mota. Fungua kidogo, funga kidogo, fungua tena zaidi, ukisaidia kwa mkono kukibandua. Kikishafunguka chote, kioshe kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, pande zote mbili, kisha kikauke kabisa kabla ya kukunjwa.

Shokapu iliyochoka unaitambuaje? Tafuta mafuta kwenye fimbo yake inayong'aa. Shokapu nzima ni kavu. Ikiwa na ukungu wa mafuta au vumbi lililogandamana kuzunguka mdomo wake, kizibo kimeachia na gesi inatoka nayo. Fimbo iliyokwaruzwa au kupata kutu itakula kizibo hivi karibuni hata kama bado inafanya kazi. Na kabla ya kuihukumu, kumbuka hali ya hewa: mgandamizo wa gesi hushuka joto linaposhuka, na kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 0 za Selsiasi shokapu hupoteza kama asilimia 7 ya nguvu zake, huku kitambaa cha vinili kikiwa kigumu zaidi. Turubai linalogoma asubuhi ya baridi na kufanya kazi mchana halijafa. Lakini shokapu zake zinaelekea huko.

Ukibadilisha, badilisha zote mbili. Kubadilisha moja ni kutengeneza tatizo linalofuata, la upande mmoja kumshinda mwenzake. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye mwili wa ile ya zamani. Nguvu yake huandikwa kwa newtoni au pauni. Usinunue yenye nguvu zaidi ukidhani unaongeza uhai. Nguvu uliyoiongeza mota italazimika kuishinda kila inapofunga.

Mkono mmoja unatangulia

Kutofautiana kidogo wakati wa kufungua ni kawaida, na kwa miundo mingi mikono husawazika mwishoni. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni tofauti inayokua siku hadi siku, au bomba kwenda mshazari mpaka kitambaa kinakunjana pembeni.

Kwanza angalia trela yenyewe. Ikisimama kwenye ardhi yenye mteremko, au ukikaza jeki za kona mpaka mwili wake ukajipinda, mikono haiko tena sambamba. Isawazishe trela, jaribu tena. Likifanya kazi vizuri, umemaliza.

Kama halijabadilika, chukua futi kamba. Pima umbali kati ya fremu za mikono miwili juu, kisha chini. Vipimo vinapaswa kulingana. Vikitofautiana, fremu moja imelegea skrubu zake au imegongwa. Pitisha kidole kwenye kila ungio la mkono ukitafuta bolti iliyochomoza, ribiti iliyolegea, au alumini iliyong'aa kwa kusuguliwa. Mahali penye kusuguana panajionyesha: rangi imekwisha na kuna unga mwembamba wa kijivu chini yake. Usafishe huo unga, na umtafute anayesugua kabla ya kumpaka kitu.

Ukifika kwenye kulainisha, tumia silikoni kavu ya kupuliza, kidogo tu, kwenye maungio na kwenye mfereji. Si grisi, si mafuta ya injini. Vitu hivyo hukusanya vumbi na kugeuka kuwa msasa, na mafuta yanayotengenezwa kutokana na mafuta ghafi huharibu vinili. Fimbo ya shokapu usiipake chochote. Ifute kwa kitambaa kikavu.

Linarudi kwa kusuasua, au linasimama njiani

Hapa ndipo penye kazi. Na swali la kwanza si "kwa nini limesimama" bali "limesimama vipi". Lifunge mara kadhaa, ukipumzisha mota kati ya zamu, na uangalie mpangilio.

Likisimama kila mara mahali palepale, tafuta kitu cha mahali: mkono unaogusa, kitambaa kilichohama na kugonga kifuniko cha mwisho wa bomba, au waya uliochubuka kwenye kiwiko cha mkono. Waya wa mota hupita ndani au kando ya mkono mmoja, na kila safari unakunjwa na kukunjuliwa pale kwenye ungio. Nyuzi zake za shaba hukatika moja baada ya nyingine ndani ya mpira ambao kwa nje unaonekana mzima. Mkono ukifika pembe fulani, nyuzi zilizobaki zinaachana na umeme unakatika. Ukiusogeza kidogo, unarudi. Shika waya pale kwenye ungio, uchezeshe polepole huku mwenzako amebonyeza swichi. Mota ikishtuka, umeupata. Weka mkono wako mbali na mahali mikono inapokunjana, maana inaweza kuondoka ghafla.

Likisimama baada ya muda uleule, haidhuru limefika wapi, ni joto. Mota nyingi zina kinga ya ndani inayokata umeme zikipata moto kupita kiasi, na inarudi yenyewe zikipoa, kwa kawaida baada ya robo saa hadi nusu saa. Kinga hiyo ikikata mara moja baada ya kufungua na kufunga mfululizo, si ugonjwa. Ikikata katika safari moja tu ya kufunga, mota inavuta mkondo mwingi kuliko inavyopaswa: ama volti ni ndogo, ama mzigo umekuwa mkubwa. Maji yaliyotuama kwenye kitambaa ni mzigo mkubwa ajabu. Lita moja ni kilo moja, na tumbo la kitambaa baada ya mvua hubeba lita nyingi. Yamwage kwanza kwa kushusha mkono mmoja. Usimwachie mota kazi hiyo.

Likisimama ovyo, leo hapa kesho pale, ni ungio la umeme lililolegea. Na hapo unahitaji mita.

Vipimo ni viwili, na vyote vichukuliwe wakati swichi imebonyezwa na turubai linajaribu kurudi. Kupima likiwa limetulia hakukuambii lolote kuhusu nyaya, kwa kuwa bila mkondo hakuna volti inayopotea njiani. Huu ndio mtego mkubwa: mtu anapima, anaona volti 12.6 hadi kwenye mota, anasema umeme upo, anaagiza mota.

Kipimo cha kwanza ni kwenye vichwa vya betri. Betri ya kawaida ya risasi na asidi iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imetulia, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya 11.9 imekaribia tupu. Swichi ikibonyezwa, itashuka kidogo. Ikiporomoka kwa volti nzima au zaidi, betri ndiyo dhaifu. Njia ya kuthibitisha ni kuchomeka trela kwenye umeme wa nje ili chaja yake itoe volti 13 na ushee. Turubai likichangamka papo hapo, tatizo ni betri. Betri ya lithiamu usiihukumu kwa volti, kwa sababu hubaki karibu na 13 mpaka inapokaribia mwisho, halafu hukata ghafla.

Kipimo cha pili ni kwenye nyaya mbili za mota, karibu nayo iwezekanavyo. Tofauti ya nusu volti na betri inavumilika. Ikizidi volti moja, nguvu inaibwa njiani. Chukua mfano wa betri inayosoma 12.4 na mota inayopata 9.9. Volti 2.5 zimepotea, na kama mkondo ni ampia 10, hizo ni wati 25 zinazogeuka joto mahali fulani kwenye maungio yako. Joto hilo ndilo litakalokuonyesha njia: endesha turubai, kisha gusa kila ungio unaloweza kulifikia. Lenye uvuguvugu ndilo lenye kosa.

Mahali pa kuanzia ni pale waya unapotoka ukutani kuingia kwenye mkono, maana ndipo mvua inapofika. Fungua ungio hilo na utazame shaba. Shaba nzima inang'aa kwa wekundu. Iliyoliwa ni nyeusi, au ina unga wa kijani unaobaki kidoleni. Kata waya urudi nyuma mpaka ukutane na shaba safi, bana ungio jipya, na ulifunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Utepe wa umeme peke yake hauzuii maji. Baada ya hapo fuata waya hasi hadi unapofungwa kwenye chasi. Bolti hiyo iko chini ya trela, inapigwa na matope mwaka mzima, na mara nyingi kuikwangua mpaka chuma king'ae kunatosha kurudisha volti zote zilizopotea.

Limefungwa, lakini kona moja imebaki wazi

Usiondoke na trela ikiwa hivyo. Upepo wa barabarani utaingia kwenye hiyo nafasi na kukivuta kitambaa hadi kifunguke chote.

Sababu ya kawaida ni kitambaa kuhama. Ukingo wake wa juu umeingizwa kwenye reli iliyo ubavuni mwa trela, na skrubu ndogo kila mwisho huuzuia usiteleze. Skrubu moja ikianguka, kitambaa kinateleza upande mmoja kidogo kidogo, na kila kinapojikunja kinapanda juu ya chenyewe kwa mshazari. Lifungue turubai lote, pima kutoka mwisho wa reli hadi ukingo wa kitambaa pande zote mbili, ukivute kirudi katikati. Watu wawili, kila mmoja na ngazi yake, na silikoni kavu kidogo ndani ya reli. Kisha rudisha skrubu. Fanya vivyo hivyo kwa ukingo wa chini ulio kwenye bomba, maana unaweza kuwa ndio uliohama.

Kama kitambaa kiko katikati na bado kona haifungi, tazama kama mkono unaingia sawasawa kwenye fremu yake. Kijiti, jani lililokauka, au shokapu iliyochomoka kidogo kwenye kishikizo chake vinatosha kuacha nafasi ya vidole viwili.

Swichi inafanya kinyume

Unabonyeza kufunga, linafunguka; unabonyeza kufungua, linafunga. Hakuna aliyegusa nyaya. Kinachokuwa kimetokea ni kwamba mtu alishikilia kitufe cha kufungua baada ya turubai kufika mwisho, bomba likaendelea kuzunguka, na kitambaa kikajikunja kwa upande usio wake. Sasa kinatokea chini ya bomba badala ya juu, au kinyume chake kutegemea muundo. Bonyeza kitufe cha kufunga na ushikilie: turubai litatoka mpaka mwisho, kisha litaanza kurudi kwa mkunjo sahihi. Kama hujui mkunjo sahihi unaonekanaje, piga picha ya ncha ya bomba siku likiwa zima na uiweke kwenye simu.

Tofautisha hilo na turubai linalokwenda upande mmoja tu na kukataa mwingine. Mota ya aina hii hubadili mwelekeo kwa kugeuziwa chanya na hasi, na anayegeuza ni swichi au rilei mbili. Mota inayozunguka vizuri upande mmoja ni nadra iwe imekufa upande wa pili. Tenganisha nyaya zake, mikono ikiwa imefungwa kwa mikanda au turubai likiwa wazi kabisa, uziguse kwenye betri ya volti 12 kupitia waya wenye fyuzi, sekunde moja au mbili tu. Kisha zigeuze. Ikizunguka pande zote, badilisha swichi au rilei, na mota iache ilipo.

Sauti

Kuvuma kwa sauti ya chini bila bomba kusogea ni mota iliyokwama au inayokosa volti. Achia mapema, maana hapo ndipo inapoungua. Mlio wa kokoto zinazosagwa ni meno ya gia yaliyokatika ndani. Mota inayozunguka kwa kasi na wepesi huku bomba limetulia ni pini inayoiunganisha na bomba, imekatika au imechomoka. Hizi mbili za mwisho ndizo kesi ambazo kweli utafungua kichwa cha bomba, na kwa pini unaweza kunusurika bila kununua mota nzima. Funga mikono kwa mikanda kwanza.

Limekwama wazi na unatakiwa kuondoka

Kitabu kinaweza kuonyesha kizibo cha mpira kwenye kichwa chenye mota. Nyuma yake kuna kichwa cha bolti unachokizungusha kwa soketi. Miundo mingine inaruhusu drili, mingine haitaki, na mwelekeo wa kuzungusha umeandikwa hapohapo kitabuni. Zungusha kwa kasi ndogo.

Kama hakuna njia hiyo, lisha mota moja kwa moja kutoka betri ya volti 12, kupitia waya wenye fyuzi kama katika jaribio la sehemu ya swichi, ila safari hii kwa vipindi vifupi na mapumziko kati yake. Watu wawili washike bomba kila mwisho na kusukuma mikono kuelekea trela, ili kuipunguzia mota uzito wa shokapu. Betri ya drili ya volti 18 hutumiwa na wengi wakiwa wamebanwa, lakini inaisukuma mota kupita kipimo chake, na mota iliyokwisha pata moto haitasamehe.

Likishafungwa, zungushia kila mkono mkanda pamoja na bomba, kaza, na ufunge ncha za mikanda zisipige ukuta. Chomoa fyuzi ya turubai mpaka utakapolitengeneza, ili mtu asije akabonyeza swichi mikanda ikiwa bado imefungwa.